Akiba mbili kwenye boliti moja ni akiba moja

Ndugu Mhariri,

Makala ya gazeti lenu juu ya magari yanayojiendesha imetufurahisha, kwa sababu mambo haya ni nadra kuandikwa kwa Kiswahili hapa kwetu Lubumbashi. Ila mwandishi alikaa sana kwenye kamera na akili ya kompyuta, akaziruka nyaya, batiri, fyuzi na masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye batiri kupitia chuma cha gari. Sisi ni mafundi umeme wa magari na walimu wa elektroniki. Kwa maoni yetu, pale aliporuka ndipo penye uhai wa watu, na tunaomba nafasi ya kupaeleza.

Jambo hili haliko mbali nasi. Shaba na kobalti ya Katanga inaingia kwenye magari ya aina hiyo, na kamyo kubwa zisizo na shofere zimeshazeeka kazini: katika mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral, nchini Chile, zinabeba mawe tangu mwaka 2008. Kule zinatembea ndani ya uzio, kwenye njia ambazo mtu wa nje hapiti. Zikija huku na kutoka nje ya uzio, kwenye barabara ya Likasi au ile ya Kasumbalesa, zitakuta pikipiki, watoto wa shule, na vijana wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makaa. Ni afadhali tujue mapema la kuuliza.

Katika gari la kawaida, akiba ya mwisho ni shofere. Msaada wa umeme wa usukani ukizima, usukani unakuwa mzito, lakini chuma bado kinaunganisha mikono yake na magurudumu. Kiongeza nguvu cha breki kikifa, mguu unakanyaga kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana wasanifu wa kalkulateri, yaani zile kompyuta ndogo za gari, waliishi miaka mingi na sheria moja nyepesi: kifaa kikigundua kwamba kimekosea, kinyamaze. Kunyamaza ndiko kulikuwa usalama. Mwondoe shofere, na sheria hiyo inageuka kuwa hatari, maana hakuna wa kuupokea usukani ulioachwa. Gari linatakiwa liharibike na bado liendelee kujiongoza mpaka lisimame mahali panapofaa.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko watu wanavyofikiri. Chukua kamyo yenye upana wa mita 2.5 kwenye njia ya upana wa mita 3.5: kila upande imebakiwa na nusu mita. Inakwenda kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kila sekunde. Usukani unakwama kwenye pembe isiyo sahihi, na kamyo inasukumwa kando kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde mraba, kiasi ambacho abiria angekiona ni kona ya kawaida. Ukipiga hesabu ya darasani, ile nusu mita inaisha baada ya sekunde 0.7. Lakini mfumo wa akiba ukiamka kwenye sekunde ya 0.7 umeshachelewa, kwa kuwa kamyo tayari ina mwendo wa kando ambao nao lazima uzuiwe. Akiba ikisukuma kinyume kwa nguvu ileile, itakula muda uleule na umbali uleule uliokwisha kupotea. Kwa hiyo mwisho wa kushika ni nusu sekunde, na hata hapo kamyo itaacha kuhama ikiwa imeshafika kwenye mstari. Msanifu mwangalifu anajipa sehemu ya tano ya sekunde. Akishika hapo, kamyo inahama sentimita 8 tu.

Milisekunde hizo 200 zinaweza kugawanywa hivi. Ujumbe wa usukani unatumwa kila milisekunde 10. Ukikosekana mara tatu mfululizo, 30 zimekwenda. Kuamua kwamba upande huo, yaani usukani huo pamoja na kompyuta na umeme wake, umekufa kweli, 20. Kuutenga na umeme usiburute wenzake, 50. Mota ya pili kufikia nguvu zake, 50. Jumla 150, na 50 za ziada kwa yale yasiyotarajiwa. Msomaji aangalie kwamba hakuna mahali tulipoandika muda wa kuwasha kompyuta. Kompyuta ya akiba inayoanza kuwaka baada ya ile ya kwanza kufa huchukua sekunde kadhaa, basi ni kama haipo. Akiba lazima iwe macho tangu safari inapoanza, isome vihisi vyake yenyewe, na ijue gari liko wapi kabla haijaitwa.

Hapo watu husema: basi tuweke kila kitu viwili viwili, kazi imekwisha. Hili ndilo kosa tunalotaka kulishika leo.

Tuseme kila upande hufa kwa wastani mara moja katika saa 10,000, na kila mmoja hufa kwa sababu zake mwenyewe. Uwezekano wa pande zote mbili kufa ndani ya saa ileile ni moja katika milioni 100. Namba hiyo inalingana na ile inayotajwa na ISO 26262, kiwango cha kimataifa cha usalama wa elektroniki za magari kilichotoka mwaka 2011 na kupanuliwa mwaka 2018: kwa hitilafu za ghafla za vifaa, daraja lake la juu kabisa, daraja D, linataka pungufu ya moja katika saa milioni 100. Mpaka hapo ni vizuri. Sasa tuseme katika kila vifo 100 vya upande mmoja, kimoja tu kinatokana na kitu ambacho pande zote mbili zinakitumia. Kifo cha pamoja kitakuja mara moja katika saa milioni moja. Umenunua kila kitu mara mbili, na asilimia moja ya vitu vya pamoja imekurudisha nyuma mara 100. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wala usitegemee kuligundua hilo kwa majaribio ya barabarani. Magari 1,000 yakitembea saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yanakusanya saa milioni 3. Kufikisha milioni 100 yatahitaji zaidi ya miaka 33. Kitu cha pamoja kinagunduliwa mezani, mbele ya mchoro wa nyaya, kwa kidole kinachofuata waya mmoja baada ya mwingine na kuuliza: huu na ule vinakutana wapi?

Mara nyingi vinakutana kwenye boliti ya masi. Ni boliti ya milimita 8, imebana vichwa vya nyaya vitatu au vinne kwenye chuma cha chasi. Chini yake rangi ilikwanguliwa nusu. Mvua imeingia, vumbi jekundu limekauka juu yake, shaba imeota ukijani pembeni. Ukinzani wa mahali hapo umefika omu 0.05. Ni kidogo mno kwa multimita ya kawaida kukiona; ukipima utasema ni mzima. Taa zinawaka, kompyuta zinaongea. Kisha gari linakata kona, mota ya usukani inavuta ampea 80, na 80 mara 0.05 ni volti 4. Ghafla masi ya kalkulateri ile imepanda volti 4 juu ya masi ya wenzake.

Sasa tazama mazungumzo. Laini ya CAN, njia ya mazungumzo kati ya kalkulateri, ambayo kampuni ya Bosch iliitambulisha mwaka 1986 na ambayo hadi leo ni mshipa wa magari mengi, hupeleka ujumbe kwa tofauti ya volti kati ya nyaya mbili. Zikiwa zimetulia, zote ziko karibu na volti 2.5, kifaa kikisema, mmoja hupanda mpaka 3.5 na mwingine hushuka mpaka 1.5. Kiwango chake cha awali kilihakikisha vifaa vitasikilizana mradi volti hizo zisitoke kati ya -2 na +7, zikipimwa kutoka kwenye masi ya yule anayesikiliza. Ile 1.5, kwa kifaa ambacho masi yake imepanda 4, inaonekana -2.5. Iko nje ya mpaka. Chipu nyingine za mawasiliano huvumilia zaidi ya hapo, nyingine huanza kusikia makosa. Kila kosa la kutuma huongeza 8 kwenye hesabu ya ndani ya kifaa, na hesabu ikivuka 255 kifaa hujitoa chenyewe kwenye laini. Makosa 32 mfululizo yanatosha. Kwenye laini ya kilobiti 500 kwa sekunde, ujumbe mmoja ni takriban robo ya milisekunde. Makosa hayo yote yanaweza kutimia katika muda wa milisekunde 10 hivi.

Matokeo yake usukani unapotea kwenye kona, mahali pale pale unapohitajika, na gari likisimamishwa garajini kila kipimo kinasema ni zima. Kama usukani wa kwanza na wa pili vilifungwa masi kwenye boliti ileile kwa sababu ilikuwa karibu na mkono wa fundi, vyote viwili vimekwenda pamoja, na mchoro mzuri wa nyaya, wenye rangi yake kwa kila upande, haukusaidia kitu.

Dawa yake ni rahisi ikifikiriwa mapema. Kila upande uwe na boliti yake, upande wake wa chasi, mbali na ile nyingine. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kichwa cha waya kiwe kimepakwa bati, washa (pete ya chuma ya chini ya boliti) yenye meno iwekwe, kisha juu ipakwe nta ya kuzuia maji. Masi ya mota inayovuta mkondo mkubwa isiwe njia ya masi ya vihisi. Na kipimo kifanywe mota ikiwa kazini: mguu mmoja wa voltimita kwenye chuma cha kalkulateri, mwingine kwenye ncha hasi ya batiri, magurudumu yageuzwe gari likiwa limesimama. Ikizidi volti 0.2, boliti ifunguliwe.

Umeme wenyewe unafuata mantiki hiyo hiyo. Batiri mbili zilizounganishwa moja kwa moja ni batiri moja kubwa: waya ukigusa chasi upande mmoja, volti inaanguka pande zote. Fyuzi haitoshi kuzitenganisha, kwa kuwa fyuzi ya kawaida ikipitishiwa mkondo maradufu inaweza kungoja sekunde nzima au zaidi kabla ya kuyeyuka, na sisi tumeshasema tuna milisekunde 200. Kati ya pande mbili panahitajika swichi ya elektroniki inayofunguka chini ya milisekunde moja inapoona volti inashuka au mkondo unarudi kinyume. Swichi hiyo hiyo inalinda dhidi ya kinyume chake: kwenye kamyo ya volti 24, kichwa cha batiri kikichomoka wakati alternateri inachaji kwa nguvu, volti inaweza kuruka juu ya 150 kwa sehemu ya sekunde kama hakuna kinga. Pigo la namna hiyo likiruhusiwa kupita pande zote, linaua kompyuta zote mbili kwa mara moja.

Akiba ya umeme haihitaji kuwa kubwa. Usukani, breki na kompyuta vikila ampea 100 kwa dakika nzima, hiyo ni chini ya ampea-saa 2. Ila batiri hiyo lazima iwe nzima. Ukinzani wake wa ndani ukiwa omu 0.03, ampea 100 zinashusha volti 3, na 24 inabaki 21. Joto na miaka vikiufikisha 0.08, zinaanguka volti 8. Inabaki 16, na kompyuta nyingi zitajizima. Bila mzigo, batiri hiyo mbovu inasoma volti 24 sawa na ile nzuri. Kila shofere wa barabara ya Kolwezi analijua tairi la akiba lililolala tangu mwaka jana bila kupimwa upepo. Kwa hiyo kabla ya kila safari gari lenyewe liipe batiri ya akiba mzigo wa kweli kwa sekunde chache, lipime inashuka kiasi gani, na likatae kuondoka kama imeshuka kupita kiasi. Swichi nayo ifunguliwe na kufungwa, ijulikane kama bado inatii. Hitilafu iliyolala kwenye akiba ni mbaya kuliko kutokuwa na akiba, kwa sababu watu wameshaitegemea.

Upande wa kompyuta kuna mfano ambao wanafunzi wetu wote wanapaswa kuufahamu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika katika safari yake ya kwanza, sekunde 40 hivi baada ya kuanza kuruka. Ilikuwa na kompyuta mbili za kupima mwelekeo, moja ya kazi na moja ya akiba, zote zikiwa na programu ileile. Namba ya biti 64 ilipolazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16 haikutosha, na kompyuta zote mbili zikafa kwa kosa lilelile, zikiachana kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Pacha wa kosa si akiba.

Ndiyo maana usanifu unaoaminika hauweki kompyuta mbili zinazofanana. Unaweka moja kubwa inayofikiri, na pembeni yake mlinzi mdogo mwenye chipu ya aina nyingine na programu iliyoandikwa na watu wengine. Mlinzi hajui njia ya kwenda Kipushi. Anajua mambo machache: gari libaki ndani ya njia, lisikaribie kitu kupita kiasi, lipunguze mwendo, lisimame. Programu yake ni fupi kiasi kwamba watu wanaweza kuikagua mstari kwa mstari. Ndani ya chipu ya mlinzi huwekwa viini viwili vinavyofanya hesabu ileile, kimoja kikichelewa mapigo machache ya saa ili mtikisiko mmoja wa umeme usivikoroge kwa namna moja, na kilinganishi kinakataa jibu hesabu zikitofautiana. Tusichanganye mambo: hilo linakamata chipu iliyoharibika, halikamati kosa la mwandishi wa programu.

Kitu kingine ambacho hupita bila kuonekana ni ujumbe wa zamani. Kamera inaweza kuganda na bado ikaendelea kutuma picha ileile, nzuri, angavu, ya barabara tupu. Kila ujumbe kwa hiyo ubebe namba inayoongezeka, namba ya uhakiki iliyokokotolewa kutoka kwenye maudhui yake, na muda uliopigwa muhuri. Namba isipoongezeka, ujumbe utupwe. Na saa inayopiga muhuri huo pia isiwe moja kwa wote bila mbadala. Saa ikikosea milisekunde 100, kwa kilomita 60 kwa saa kila kitu kiko mita 1.7 mbali na kinapodhaniwa.

Kuhusu vihisi tutasema lile linalohusu ardhi yetu. Kuanzia Mei hadi Oktoba kamyo moja inainua wingu jekundu ambalo ndani yake haionekani hata taa ya aliye mbele. Kamera inatumia mwanga, na lida, kihisi cha kupima umbali, nayo inatumia mwanga, wa leza. Gari lenye kamera nane na lida tatu lina, mbele ya vumbi hilo, kihisi kimoja tu, na kimezibwa. Lida inaweza hata kuliona wingu kama ukuta. Rada ya gigahezi 77 hupenya vumbi vizuri zaidi, ndiyo maana isiondolewe ili kupunguza bei, kama wengine wanavyopenda kufanya. Na kama vioo vyote vinasafishwa na tangi moja la maji lenye pampu moja, basi tangi hilo liandikwe kwenye orodha ya vitu vya pamoja. Hapa hakuna kilichoharibika; kila kifaa kiko sawa na gari bado ni pofu. Kwa tatizo hilo kimetengwa kiwango chake, ISO 21448, kilichotoka mwaka 2022.

Mvua ya Novemba nayo ina njia zake. Maji huingia kwenye plagi ambayo tundu lisilotumika halikuzibwa, kisha hutambaa ndani ya waya, kati ya nyuzi za shaba, mpaka kwenye kalkulateri iliyo kavu kabisa kwa nje. Plagi zitazame chini, na waya ufanye tumbo kabla ya kuingia ili matone yadondoke hapo. Barabara yenye makunyanzi inatikisa pini mpaka bati linasagika na kuwa unga usiopitisha umeme. Kwa ishara ndogo pini ziwe za dhahabu na waya ufungwe karibu na plagi. Fundi anayetaka kujua hali ya laini ya CAN azime umeme, apime kati ya nyaya zake mbili: 60 omu ni sawa, 120 maana yake kimoja cha vizuio viwili vya miisho ya laini kimepotea au waya umekatika, 40 maana yake mtu ameongeza kizuio cha tatu.

Wengi wanaamini kwamba kusimama daima ni salama. Breki za hewa za kamyo zimejengwa hivyo: hewa ikiisha, springi zinashika magurudumu. Tunauheshimu sana usanifu huo. Hauhitaji kompyuta wala umeme. Lakini springi zikishika ghafla ekseli ya nyuma ya kamyo yenye trela, kwenye lami iliyolowa, trela inaweza kujikunja. Na gari lililosimama kwenye kona isiyoonekana au juu ya reli halijafika salama. San Francisco, tarehe 2 Oktoba 2023, teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise ilimgonga mwanamke aliyekuwa amerushwa mbele yake na gari jingine. Ilisimama. Kisha ikafanya kile ilichofundishwa kuwa ni usalama, kusogea pembeni mwa barabara, na ikamburuta kwa takriban mita 6. Kabla ya kuhama, mfumo ulihitaji kujua kuna nini chini ya gari, na jibu la kutojua lilipaswa kuwa kutulia palepale.

Ajali ya Tempe, Arizona, ya tarehe 18 Machi 2018 inatugusa zaidi, kwa sababu mwanamke aliyefariki alikuwa anavuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa ajali za usafiri wa Marekani waliandika kwamba gari la majaribio la Uber lilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Programu ikawa inabadilisha jina lake: gari, kitu kingine, baiskeli, na kila ilipobadilisha jina, ilisahau alikokuwa anatoka na hivyo haikujua anaelekea wapi. Ilipotambua hatari, iliwekewa kungoja sekunde moja kabla ya kufunga breki, ili kuepuka kushtuka bure. Na breki ya dharura iliyotoka kiwandani na gari hilo la Volvo ilikuwa imezimwa kila kompyuta ilipokuwa ikiendesha. Kulikuwa na mlinzi wa pili, mwenye kihisi chake na programu yake, na walimwondoa. Kwa mwendo ule, sekunde 5 zingetosha kusimama na nafasi ikabaki. Tukiwaza magunia ya makaa kwenye barabara ya Kasumbalesa alfajiri, hatuwezi kukubali gari ambalo lazima kwanza lijue jina la kitu ndipo lipunguze mwendo.

Juu ya wezi wa mitandao, neno moja. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani waliifikia Jeep Cherokee kwa mbali, wakipitia redio yake yenye intaneti, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Redio na breki zisikae laini moja. Lango kati yao lipitishe tu ujumbe ulioorodheshwa, na breki zikatae amri yoyote isiyo na sahihi ya aliyeituma.

Ombi letu linawahusu wakaguzi wa OCC, ofisi ya serikali ya Kongo ya kukagua bidhaa, pamoja na makampuni ya migodi yatakayonunua. Cheti kisiwe mwisho wa ukaguzi. Muuzaji alete mchoro wa umeme na mawasiliano, na orodha iliyoandikwa ya kila kitu ambacho pande mbili zinakitumia kwa pamoja: boliti, fyuzi, plagi, bomba la nyaya, saa, programu, tangi la maji, hata kipande cha chasi ambacho jiwe moja likikipiga linakata nyaya zote. Mbele ya kila kimoja iandikwe kwa nini kimeachwa. Orodha tupu irudishwe, kwa sababu hakuna gari lisilo na kitu cha pamoja. Kuna mtu ambaye hakutafuta.

Kisha gari lipelekwe kwenye uwanja mtupu, kilomita 20 kwa saa, mtu mmoja tu akiwa na kitufe cha kulisimamisha, na kila waya wa umeme na kila masi ukatwe kwa zamu, kimoja kimoja, gari likiwa kwenye kona na si kwenye mstari ulionyooka. Oskiloskopu, chombo kinachochora volti inavyobadilika, iwekwe kwenye laini zote mbili za umeme. Wakaguzi waangalie hasa kalkulateri ambayo waya wake umekatwa na bado haijafa. Hilo hutokea: umeme kidogo unaingia kupitia nyaya za vihisi, unapita kwenye daiodi za kinga za chipu, volti 2 au 3, kifaa kinabaki nusu usingizini na kuendelea kutuma ujumbe mbovu, na mlinzi anadhani mwenzake yu hai. Kwenye karatasi kipimo hicho huandikwa kwamba umeme ulikatwa. Kwenye oskiloskopu unaonekana haukukatika, na gari hilo lirudi kwa aliyelileta.

Wenu katika kazi,

Mafundi umeme wa magari na walimu wa elektroniki,
Lubumbashi